Soichiro Honda: mtoto wa mhunzi aliyejifunza kufikiri kwa spana

Honda ni jina la kampuni, na ni jina la pikipiki. Kwa wazee wengi wa milimani ni mlio wa bwana shamba akipanda kona za kuja kijijini. Lakini kabla ya yote hayo Honda lilikuwa jina la mtu. Aliitwa Soichiro Honda, mtoto wa mhunzi wa kijijini huko Japani, aliyefariki mwaka 1991.

Tumemchagua leo kwa sababu ya jambo linalosikika sana huku kwetu Same. Kuna wazazi wanaoona haya kusema kwamba mtoto wao ni fundi pikipiki, kana kwamba gereji ni mahali pa waliofeli tu. Na kuna mafundi wanaoamini kwamba mkono ukishazoea spana, kitabu hakina tena kazi. Maisha ya Honda yanawahusu wote wawili. Alikuwa fundi asiyependa shule, kisha akafika mahali ambapo mikono yake hodari ilikwama.

Mtoto wa kiwanda cha uhunzi

Soichiro alizaliwa tarehe 17 Novemba 1906 katika kijiji cha Komyo, karibu na mji wa Hamamatsu. Baba yake, Gihei, alikuwa mhunzi. Mama yake, Mika, alikuwa mfumaji wa nguo. Familia haikuwa na mali. Mtoto alikua akisikia nyundo na kuona chuma chekundu kikipata umbo.

Kwetu Upareni picha hii si ngeni. Huko Ugweno, Pare ya Kaskazini, ukoo wa Washana ulijulikana kwa uhunzi tangu zamani sana. Walikusanya mchanga mweusi wenye madini ya chuma, wakauyeyusha kwa makaa na mivukuto, wakafua majembe na silaha. Masimulizi ya Wagweno yanasema kwamba Washana ndio waliotawala kabla ya ukoo wa Wasuya kushika utawala. Aliyejua kugeuza mchanga kuwa jembe alikuwa mtu wa kuheshimiwa, na watu walijua kwamba kazi ile inahitaji akili.

Baadaye Gihei aliongeza kazi ya kutengeneza baiskeli. Zilikuwa baiskeli mbovu alizozinunua kwa bei ndogo, akazifufua na kuziuza. Soichiro alimsaidia. Darasani hakung'ara, hasa katika kuandika na kukariri, lakini mikono yake haikutulia.

Shuleni kwao taarifa ya maendeleo ilipaswa kupelekwa nyumbani ipigwe muhuri wa familia. Soichiro, ambaye alama zake hazikuwa za kujivunia, alichonga muhuri wake mwenyewe kutokana na mpira wa pedeli ya baiskeli. Ukafanya kazi. Alipowachongea na wenzake, akakamatwa. Hakujua kwamba maandishi ya muhuri huchongwa kwa kugeuzwa, kama yanavyoonekana kwenye kioo. Jina Honda kwa herufi za Kijapani linafanana pande zote mbili, kwa hiyo la kwake halikuonyesha kosa. Ya wenzake yalionyesha.

Kisa hiki kinachekesha, lakini ndani yake kuna somo lililomfuata maisha yake yote: kitu kinaweza kufanya kazi mikononi mwako bila wewe kujua kwa nini kinafanya kazi. Na siku hali ikibadilika, ujinga huo hujitokeza.

Mwaka 1917 alisikia kwamba rubani Mmarekani atarusha ndege mjini Hamamatsu. Akachukua baiskeli ya baba yake bila ruhusa. Ilikuwa kubwa kwake, hakufika kwenye kiti, hivyo akapitisha mguu katikati ya fremu na kupiga pedeli kwa upande, kama watoto wa vijiji vyetu wanavyofanya hadi leo. Alipofika hakuwa na pesa za kutosha za kiingilio. Akapanda mti, akaiona ndege kutoka juu.

Miezi ya kulea mtoto

Mwaka 1922, akiwa na umri wa miaka 15, Soichiro alikwenda Tokyo kuanza kazi katika gereji ya magari iliyoitwa Art Shokai. Alitarajia kushika injini. Badala yake alipewa mtoto mchanga wa tajiri amlee, na ufagio wa kufagilia. Hali hiyo iliendelea kwa miezi. Alifikiria kutoroka, lakini akavumilia. Huku akimbeba mtoto aliwatazama mafundi wakifungua na kufunga injini. Siku moja kazi zilipozidi, aliitwa kusaidia chini ya gari. Tangu siku hiyo hakurudishiwa ufagio.

Tarehe 1 Septemba 1923 tetemeko kubwa lilipiga Tokyo na miji ya jirani. Moto ulifuata, na zaidi ya watu 100,000 walikufa. Gereji iliungua. Wafanyakazi wengi walirudi makwao, wakabaki wachache, na Soichiro alikuwa mmoja wao. Kazi iliyokuwepo ilikuwa kufufua magari yaliyoungua.

Gari lililoungua halidanganyi. Kila kitu kimeharibika, na fundi hawezi kubadilisha kipuri kimoja akaondoka. Inambidi aanze mwanzo: fremu, magurudumu, nyaya, injini. Wakati ule spoki za magurudumu ya magari mengi zilikuwa za mbao, na zilikuwa zimeteketea, kwa hiyo ilibidi zitengenezwe upya. Miaka michache baadaye Honda alibuni spoki za chuma cha kumimina kuchukua nafasi ya zile za mbao, na akapata hataza ya ubunifu huo.

Katika gereji hiyohiyo, tajiri wake Yuzo Sakakibara na mafundi wake walichukua injini kuukuu ya ndege aina ya Curtiss, wakaifunga kwenye fremu ya gari la Kimarekani, wakaunda gari la mashindano. Novemba 1924 gari hilo lilishinda mbio. Dereva alikuwa ndugu wa tajiri, na fundi aliyekaa pembeni yake alikuwa kijana Soichiro.

Mwaka 1928 aliruhusiwa kurudi Hamamatsu kufungua tawi la gereji hiyo. Alikuwa na miaka 21. Sifa yake ilienea kwamba gari lililoshindikana kwingine lipelekwe kwake. Gereji ilikua, pesa ikaja. Mwaka 1935 alimwoa Sachi. Mwaka 1936 alipata ajali mbaya kwenye mbio za magari.

Ringi 50, zilizofaa 3

Fundi mwenye gereji inayomlipa angeweza kuishia hapo. Honda alichoka kutengeneza vitu vilivyobuniwa na wengine, akataka kuunda cha kwake. Akachagua ringi za pistoni.

Tueleze kidogo kwa wasiofahamu. Ringi ni pete za chuma zinazovishwa kwenye pistoni. Katika pikipiki nyingi za bodaboda, ringi mbili za juu huzuia mgandamizo usivuje, na ya chini hukwangua oili kwenye kuta za silinda. Ringi zikichakaa, moshi wa bluu hutoka kwenye ekzosi, oili hupungua, na pikipiki iliyokuwa ikipanda mlima na abiria na mzigo huanza kuishiwa nguvu kwenye kona ya kwanza. Ringi ni kitu kidogo, lakini ni kigumu kutengeneza. Lazima iwe ngumu isiishe haraka, laini isikwaruze silinda, na iwe na mnyumbuko wa kuibana silinda bila kuvunjika.

Honda aliyeyusha, akamimina, akasugua, usiku na mchana. Ringi zilitoka ngumu kama jiwe na zikavunjika. Akabadilisha hiki na kile. Zikavunjika tena. Mikono iliyofufua magari ya Tokyo haikuweza kumwambia kasoro iko wapi.

Ndipo alipokwenda kwenye shule ya ufundi ya Hamamatsu na ringi yake mkononi. Mwalimu aliyepima chuma kile alimwonyesha kwamba kilipungukiwa na silikoni. Honda hakuwa hata akijua kwamba silikoni inahitajika. Hapo akaelewa kwamba jicho la fundi, hata likiwa kali namna gani, halioni kilichomo ndani ya chuma. Hilo linahitaji elimu.

Akiwa na miaka kama 30, mwenye mke na wafanyakazi, alijiandikisha shuleni akae darasani na vijana waliokuwa wadogo kwake kwa zaidi ya miaka kumi. Mchana alisikiliza, jioni alirudi kiwandani kujaribu alichosikia. Masomo yasiyohusu ringi hakuyaandika. Mitihani hakuifanya. Baada ya miaka kama miwili shule ilimwondoa bila cheti, naye hakusikitika, kwa sababu alikuwa amekuja kuchukua ujuzi na ameupata.

Hata hivyo njia haikunyooka mara moja. Alipopeleka ringi 50 zikaguliwe na kampuni ya Toyota, zilizofaa zilikuwa 3 tu. Akazunguka vyuo vikuu na viwanda vya chuma akiuliza na kutazama. Mwishowe akaweza, na kampuni yake, Tokai Seiki, ikawa inauza ringi kwa Toyota. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, wanaume walipopelekwa jeshini, alibuni mashine za kujiendesha zenyewe ili wasichana wasio na uzoefu waweze kutengeneza ringi bila kuumia.

Kisha kiwanda kikaisha. Mabomu ya Wamarekani yaliharibu sehemu moja, na tetemeko la Januari 1945 likabomoa nyingine. Vita vilipokwisha aliiuzia Toyota kilichobaki kwa yeni 450,000, akapumzika karibu mwaka mzima. Alikunywa, akapiga filimbi, akatazama nchi yake iliyoungua itaelekea wapi.

Injini za jeshi na chupa ya maji ya moto

Mwaka 1946 Japani ilikuwa na njaa. Mabasi na treni zilijaa kupita kiasi, petroli iligawiwa kwa mgao, na watu walisafiri kwa baiskeli umbali mrefu kutafuta chakula vijijini. Nyumbani kwa rafiki yake Honda aliona injini ndogo iliyokuwa ikizalisha umeme wa redio za jeshi. Vita vimekwisha, injini haina mwenyewe. Akawaza kuifunga kwenye baiskeli.

Jaribio la kwanza lilitumia chupa ya bati, ile ya maji ya moto ya kupashia kitanda joto, iwe tenki la mafuta. Sachi ndiye aliyeiendesha barabarani, watu waone kwamba hata mama anayekwenda kutafuta chakula anaweza. Petroli ilikuwa haba, hivyo walichanganya na mafuta yaliyokamuliwa kwenye mizizi ya misonobari. Ilitoa moshi wenye harufu kali, lakini ilikwenda.

Honda alipata injini kama 500 za aina hiyo. Hakuzifunga jinsi zilivyo. Kila moja ilifunguliwa, ikasafishwa, ikakaguliwa, ikarekebishwa na kufungwa upya kabla ya kuwekwa kwenye baiskeli. Kwa kufungua injini 500 za mtu mwingine, yeye na vijana wake walijua kila udhaifu wake. Zilipokwisha, mwaka 1947 waliunda injini yao wenyewe. Wajapani waliita chombo hicho bata-bata kwa sababu ya mlio wake. Sisi tuliokiita pikipiki tunaelewa bila kufafanuliwa.

Tarehe 24 Septemba 1948 ilianzishwa kampuni ya Honda. Mwaka uliofuata alijiunga naye Takeo Fujisawa, mtu wa biashara. Honda alikuwa fundi, pesa zilimshinda, na alilijua hilo. Akamwachia Fujisawa mauzo na fedha zote, hata muhuri wa kampuni, yeye akabaki na injini. Kwa miaka 24 waliyokuwa pamoja kazini, mgawanyo huo haukuvunjika.

Mwaka 1951 Honda aliwaandikia wafanyakazi wake falsafa yake kwa maneno mepesi. Kazi njema inaleta furaha tatu: ya anayeunda, ya anayeuza na ya anayenunua. Ikikosekana mojawapo, kazi hiyo ina kasoro. Mkulima wa tangawizi wa Mamba anajua maana yake. Mnunuzi akifurahi peke yake na mkulima akalia, biashara hiyo haitadumu.

Mwaka 1954 alitangaza kwamba pikipiki zake zitashindana katika mbio maarufu za kisiwa cha Man. Alipokwenda kuzitazama alikuta injini za Wazungu zina nguvu kupita za kwake kwa mbali. Akarudi na mizigo ya vipuri, mnyororo, rimu, kabureta, ili wavifungue na kuvisoma. Mwaka 1959 walishiriki kwa mara ya kwanza. Mwaka 1961 walishinda daraja la sisi 125 na la sisi 250.

Katikati ya hayo, mwaka 1958, ilitoka Super Cub, pikipiki ndogo ya sisi 50 yenye injini ya mipigo minne. Haikuwa na klachi ya mkononi, kwa sababu walimfikiria kijana wa hoteli anayepeleka chakula huku mkono mmoja umeshika sinia. Kufikia mwaka 2017 zilikuwa zimeundwa Super Cub milioni 100.

Mzee aliyewasikiliza vijana

Honda hakuwa malaika. Alikuwa na hasira za ghafla. Kazi ikifanywa ovyo aliweza kurusha kifaa au kumpiga kibao mfanyakazi, kisha akajuta. Kosa lake kubwa zaidi lilitokana na kujiamini. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alishikilia kwamba injini za magari yao zipozwe kwa hewa, kama za pikipiki. Vijana wahandisi walimwonyesha kwa hesabu kwamba maji yanafaa zaidi. Akakataa. Mwaka 1968 gari lao la mashindano lililopozwa kwa hewa liliingizwa katika mbio za Ufaransa, ingawa dereva wao mkuu, John Surtees, alilikataa akisema si salama. Dereva mwingine, Jo Schlesser, aliliendesha, likapinduka na kuwaka moto. Alifariki.

Ubishi uliendelea hadi Fujisawa alipomwuliza rafiki yake achague: yeye ni mkuu wa kampuni, au ni fundi? Honda akajibu kwamba ni mkuu wa kampuni. Siku hiyo vijana wakaruhusiwa kutumia maji.

Kutokana na ruhusa hiyo, mwaka 1972 ilitangazwa injini ya CVCC, iliyofikia viwango vikali vya moshi vya sheria ya Marekani ya mwaka 1970 wakati makampuni makubwa yakidai haiwezekani. Honda alifurahi kwamba sasa wataweza kuyapita makampuni ya Marekani. Vijana wakamwambia kwamba wao hawakufanya kazi ile kwa ajili ya kuyapita. Waliifanya ili watoto wavute hewa safi. Mzee alinyamaza. Aliona kwamba waliomfuata wameielewa falsafa yake kuliko yeye mwenyewe, na kwamba wakati wake wa kuondoka umefika.

Oktoba 1973 yeye na Fujisawa walistaafu pamoja. Hawakuwaachia watoto wao kampuni. Kisha Honda akasafiri nchi nzima kuwashukuru wafanyakazi, karakana kwa karakana. Mahali pamoja kijana alirudisha mkono nyuma kwa kuona haya, kwa sababu ulikuwa umejaa grisi. Honda akaushika mkono huo, akafurahi kuunusa ule mafuta.

Alifariki tarehe 5 Agosti 1991 akiwa na miaka 84. Hakutaka mazishi makubwa ya kampuni. Mtu aliyeishi kwa kuuza magari, alisema, hapaswi kuwasababishia wengine msongamano barabarani.

Kwa mafundi wetu na wazazi wao

Honda aliamini kwamba kutenda bila falsafa ni hatari, na falsafa isiyoingia kwenye vitendo haina faida. Huko gereji, falsafa hiyo inaanza na swali moja: kwa nini? Ringi zimeisha baada ya miezi michache. Kubadilisha ni rahisi, na mteja ataondoka. Lakini kwa nini zimeisha mapema? Je, kichujio cha hewa kimetoboka na vumbi la barabara ya Kisiwani linaingia ndani? Je, oili haibadilishwi kwa wakati? Silinda imepimwa, au imetazamwa tu kwa macho? Fundi asiyeuliza atabadilisha ringi hizohizo tena, na kijana wa bodaboda atalipa tena kwa pesa ambayo ingelipa ada ya mtoto.

Kwa mafundi waliojifunzia kazini, VETA ina utaratibu wa kupima ujuzi walionao na kuutambua rasmi, hata kama hawakupitia darasani. Fundi anayepungukiwa na kitu huelezwa anachopaswa kuongeza. Ulizeni katika chuo cha VETA kilicho karibu nanyi, au katika ofisi ya kata mwelekezwe.

Na kwa mzazi ambaye mtoto wake anafungua redio, baiskeli au jiko la mafuta kila akigeuka: kabla ya kumgombeza, mwulize amegundua nini ndani. Akiweza kukueleza, mtafutie injini mbovu ya pikipiki isiyofaa tena barabarani, nati zake na spana mbili tatu. Mpe na daftari, aandike kila kipuri kilitoka wapi na kinafanya kazi gani. Asikuambie amemaliza mpaka airudishe kama ilivyokuwa.